Kukuza kwaya ya vijana ya muziki mtakatifu: yanayojulikana kwa kukaa nayo

Kwaya ya vijana ina jambo moja linaloitenga na kwaya ya watu wazima: watu wake hawakai. Anayejiunga akiwa na miaka 13 au 14 huondoka akikaribia 20, kwa masomo, kazi au ndoa, na mara nyingi huondoka pale pale sauti yake inapoanza kuiva. Kila mwaka kwaya hupoteza wanaojua na kupokea wasiojua. Kwa hiyo suala la kukua si kutafuta watu wengine. Vijana hupenda kuimba, na kwaya inayoimba vizuri haihitaji kupigiwa debe. Suala ni ujuzi kiasi gani unabaki wenye ujuzi wakishaondoka. Kwaya ambayo nyimbo zake zote zimo vichwani mwa watu wanne, wengine wakizifuata kwa sikio, inaweza kuwa na watu 50 na bado ikaanguka ndani ya mwezi mmoja.

Watu 12 hadi 16 wanatosha kabisa kuanza. Wakipungua hapo, mmoja akishikwa na mafua sauti nzima inatoweka. Wakizidi, mwalimu hawezi kumsikia kila mmoja, na miezi ya mwanzo kazi kubwa ya mwalimu ni kusikia. Wiki sita hadi nane za kwanza waimbe kwa sauti moja tu, wasichana na wavulana pamoja, wavulana waliokwisha kuvunja sauti wakiimba oktava moja (nota nane) chini. Wengi huona hili ni kupoteza muda, maana vijana huja wakitaka kuimba sauti nne (ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi) siku ile ile. Lakini sauti moja haifichi kitu. Anayeshuka anasikika, anayebana irabu anasikika, anayepumua katikati ya neno anasikika. Sauti nne zikishaingia, makosa hayo hujificha nyuma ya wenzake na hukaa humo miaka.

Kwa kazi hiyo ya sauti moja, hakuna kinachoshinda wimbo wa Kigregoriani, ule wimbo wa kale wa sauti moja wa Kanisa Katoliki. Hauhitaji kinanda, melodia yake hutembea kwa hatua ndogo ndogo, na maneno ndiyo yanayoongoza mwendo. Papa Pius X aliuweka mbele katika waraka wake wa tarehe 22 Novemba 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ukautambua kuwa wimbo wa liturujia ya Kirumi wenye kustahili nafasi ya kwanza, bila kuufungia mlango muziki wa sauti nyingi. Kwaya isiyo ya Kikatoliki nayo hunufaika vilevile kwa kuimba zaburi kwa toni moja, aya kwa aya, pande mbili zikipokezana. Na Kilatini kisiwatishe watu. Kama kinavyotamkwa kanisani, kina irabu tano safi kama za Kiswahili, hivyo kinywa cha mwimbaji Mswahili tayari kimeshafunzwa nusu ya kazi.

Kupanga sauti ni kwa kumsikiliza kila mtu peke yake, lakini mbele ya mtu mzima wa pili. Mwalimu asijifungie chumbani na kijana mmoja. Dakika tano zinatosha. Mwimbaji aimbe d r m f s f m r d (do, re, mi, fa, so, kisha kurudi) kwa irabu "a", akianzia karibu na sauti yake ya kuongea, kisha mpandishe nusu toni kwa nusu toni hadi shingo ianze kukaza, umrudishe, umshushe hadi sauti ibaki hewa tupu. Nota ya juu kabisa aliyoigusa si muhimu sana. Cha kuandika daftarini ni eneo ambalo sauti inang'aa bila jitihada, maana huko ndiko atakakoimba saa nzima.

Kosa lililoenea ni kumpeleka sauti ya pili kila msichana mwenye sikio zuri, kwa kuwa sauti ya pili ni ngumu kuishika. Baada ya mwaka, sauti ya kwanza hubaki na wenye nguvu wasiosikilizana, nayo ndiyo inayosikika na kanisa zima. Wenye sikio wagawanywe katika sauti zote. Sauti ya kwanza ya vijana isiwekwe muda mrefu juu ya F ya oktava ya pili kuanzia C ya kati (ile iliyo katikati ya kinanda); kugusa G mara moja moja si neno. Sauti ya pili isishushwe chini ya A iliyo chini ya C ya kati, vinginevyo wasichana huanza kusukuma sauti ya kifua na kukauka koo. Kwa watu 16, mgawanyo wa 5, 4, 3 na 4, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi, hukaa vizuri. Sauti ya tatu huimba juu katika eneo lake, kwa hiyo hupenya hata ikiwa na wachache. Kama wavulana waliovunja sauti ni watatu tu, zitafutwe nyimbo za sauti tatu ambazo wavulana wote wanashika mstari mmoja. Sauti nne zenye besi ya mtu mmoja ni mateso kwake na kwa wanaomsikiliza.

Wavulana wanaovunja sauti wanahitaji uangalizi wa pekee, na hapa ndipo kwaya nyingi huwapoteza. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 12 na 15: nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, eneo la kuimbia hubanwa, wakati mwingine hubaki nota sita hivi zinazotii. Akiambiwa "nyamaza kwanza, rudi ukishapona", harudi. Mwandikie mstari wake ndani ya nota hizo sita, hata kama ni kushika d na s tu chini ya wenzake, na umpime upya kila baada ya miezi miwili au mitatu. Sauti ikikatika katikati ya wimbo, asicheke mtu. Sheria hiyo itajwe siku ya kwanza na isimamiwe, kwa sababu kijana wa miaka 13 akichekwa mara moja inatosha.

Sasa kusoma. Silabi za ut, re, mi zilianza kutumiwa kufundishia waimbaji na mtawa Guido wa Arezzo katika karne ya 11, na karne ya 19 huko Uingereza John Curwen, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, alieneza solfa ya herufi ambayo kwaya nyingi zinaitumia hadi leo. Faida yake kwa vijana ni kwamba d inahama: ukijua umbali wa d hadi s katika ufunguo mmoja, unaujua katika funguo zote. Dakika 10 hadi 15 za kila zoezi ziwe za kusoma, zisiibwe hata wiki ya sikukuu. Anza na d, m na s peke yake, wiki mbili au tatu, hadi mwalimu akionyesha kwa mkono wanaruka bila kusita. Ongeza r, kisha l, kisha f na t, ambazo zimekaa nusu toni kutoka kwa jirani zake na ndizo zinazoponyoka. Mapigo yafundishwe kando, kwa kupiga makofi na kutamka, kabla ya kuunganishwa na sauti. Watu wengi wanaodhani hawajui solfa, tatizo lao ni alama: hawajui kwamba nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hukata pigo katikati, na kistari huiendeleza nota iliyotangulia. Wakishajua hayo, fe (f iliyopandishwa nusu toni) na ta (t iliyoshushwa nusu toni) zinazojitokeza wimbo unapohama ufunguo hazina maajabu.

Lengo la mwaka mmoja liwe la kupimika: kila mwimbaji aweze kuimba peke yake mstari wa vipimo vinane (kipimo ni fungu moja la mapigo) asiowahi kuuona, usio na mruko unaozidi nota tano. Baada ya hapo nota za mistari mitano zinaingia kwa urahisi, kwa sababu kinachobaki ni kutafuta d imekaa mstari upi.

Wimbo mpya usifundishwe kwa kuimbiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chukua sentensi moja, tuseme "Utukufu kwa Mungu juu". Kwanza isomwe kwa kunena, kwa mapigo yake, watu wote pamoja. Pili, kila sauti iimbe solfa yake polepole, wengine wakifuata kwa macho kwenye nota zao. Wasikae bure wakichezea simu. Tatu, unganisha sauti ya kwanza na besi, kwa sababu hizo mbili ndizo kuta za nyumba. Ingiza sauti ya pili, mwisho ya tatu. Nne, sauti zote kwa irabu moja, "u" au "o", bila maneno, na hapo ndipo utakaposikia nani haendani na nani. Maneno yanarudi mwisho. Sentensi ya vipimo vinne huchukua dakika 12 hivi kwa kwaya changa. Ukiona umemaliza ukurasa mzima kwa muda huo, huenda hawakusoma. Wamekariri sauti yako.

Maneno ya Kiswahili yana masharti yake, na watunzi chipukizi wa kwaya za vijana huyavunja kila siku. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pigo zito liangukie utuKUfu, si uTUkufu. Nyimbo zilizotungiwa lugha nyingine zikabandikwa maneno ya Kiswahili huumia sana hapa. Kisha kuna "m" inayosimama peke yake: Mtakatifu ni silabi tano, M-ta-ka-ti-fu, na hiyo M inahitaji nota yake. Mtunzi akilipa neno hilo nota nne tu, waimbaji watajigawa, wengine wakiimeza M na wengine wakiiwahi, na mwanzo wa wimbo unakuwa vurugu. "Mungu" inagawanyika Mu-ngu: irabu u ndiyo inayoshikwa muda wote wa nota, na ng inatamkwa na silabi inayofuata. Anayefunga mapema kwenye ng huziba sauti yote puani. Vivyo hivyo u-pe-ndo, a-ma-ni, u-li-mwe-ngu. Na "juu" ni silabi mbili. Ikipewa nota mbili tofauti, irabu igeuke bila kupigwa koo upya.

Kushuka ufunguo ndiyo kero inayowatesa wote wanaoimba bila kinanda. Mnaanza kwenye G, mnamaliza karibu na F. Mwalimu hugomba kwamba watu wamelala, na wakati mwingine ni kweli, ila sababu kwa kawaida zinajulikana kwa majina. Nota za m na t huimbwa chini kidogo kuliko zinavyotakiwa. Nota inayorudiwa mara nne tano mahali pamoja huzama kidogo kila mara. Melodia ikiteremka, hatua hufanywa kubwa kuliko zilivyo. Ikipanda, hufanywa ndogo. Pumzi ikiisha kabla ya sentensi, nota ya mwisho huanguka. Ongeza chumba chenye watu wengi na madirisha yaliyofungwa. Dawa huanza kwa kutafuta ni kipimo kipi kinachoanguka: simamisha kila mwisho wa sentensi, gusa kinanda, mpate palipovuja. Mara nyingi ni mahali pamoja tu. Fikirieni hatua za kuteremka kuwa ndogo, na nota ya kurudiwa kama inapanda. Ikishindikana, hamisha wimbo nusu toni juu. Ajabu ni kwamba wimbo unaozama katika F huweza kusimama imara ukiimbwa nusu toni juu yake, kwa sababu nota za mpito wa sauti, pale sauti ya kifua inapogeuka kuwa ya kichwa, zimehama mahali.

Zoezi moja la dakika 90, mara mbili kwa wiki, ni bora kuliko la saa nne mara moja. Dakika 10 za mwili, pumzi na sauti. 15 za kusoma. 25 za wimbo mpya wakati vichwa havijachoka. Mapumziko mafupi na maji. 20 za kusafisha wimbo unaojulikana nusu. Zilizobaki ni kuimba vizuri kitu wanachokijua, ili waondoke wakitaka kurudi. Anza saa ileile hata kama wamefika sita. Ukisubiri wachelewaji, unawafundisha kuchelewa wale waliofika mapema. Anayekwaruza sauti kwa zaidi ya wiki mbili aende kwa daktari, na asidanganywe kwamba kunong'ona ni kupumzisha koo.

Hadi watu 20, mwalimu mmoja anamudu. Kati ya 25 na 30 mambo huanza kuvuja: nota zinapotea, mahudhurio hayajulikani, wageni wamekaa nyuma wakiimba wanachobuni. Hapo wanahitajika viongozi wanne wa sauti, kila mmoja akiwa na uwezo wa kufundisha mstari wake bila mwalimu, pamoja na mtunza nota mwenye daftari na nakala zilizopigwa namba. Kila mwimbaji awe na namba yake. Nakala ikipotea ijulikane ilikuwa kwa nani. Nyimbo za watunzi walio hai ziombewe ruhusa kabla ya kurudufiwa. Kuanzia watu 35 hivi, wageni wasiingie moja kwa moja. Kiwepo kikundi cha wanaoanza, kinachokutana dakika 45 kabla ya zoezi kubwa, kinachofundishwa kusoma na nyimbo sita au saba za kila wiki, na mtu akae humo miezi miwili au mitatu. Walalamikaji hawatakosekana, hasa wazazi. Hata hivyo bila kikundi hiki kila mgeni anairudisha kwaya nzima nyuma, na wakongwe huchoka kufundishwa wimbo uleule kwa mara ya tano.

Sare ni jambo la mwisho. Kwaya yenye sare tatu na nota mbovu zilizofifia imekosea hesabu zake. Vivyo hivyo kurekodi video kabla kwaya haijaweza kuimba wimbo mmoja wa sauti nne kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kinanda.

Uchaguzi wa nyimbo ufuate kalenda ya ibada, si mapenzi ya mwalimu. Hazina ya nyimbo 20 zinazoimbwa sawasawa inaitosha kwaya changa mwaka mzima, na wimbo mmoja mpya kila wiki mbili au tatu ni mwendo mzuri. Noeli ianze kuandaliwa miezi mitatu kabla. Ikianza ndani ya Majilio, ambayo ni Dominika nne tu, mtaimba Noeli mnayoitafuta bado. Kwa Wakatoliki, Kwaresima ni shule ya bure: hakuna Aleluya, Dominika zake hazina Utukufu, na kinanda huruhusiwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Walimu wengi huona ni kipindi kikavu. Kumbe ndicho kipindi ambacho kwaya inaweza kuimba bila ala kwa wiki sita bila mtu kuuliza kinanda kiko wapi.

Na wimbo mfupi usidharauliwe. Ave verum corpus ya Mozart, aliyoiandika mwaka 1791, ina vipimo 46 na mwendo wa polepole, kwa hiyo huonekana wa kuanzia. Ndani yake kuna mahamisho ya ufunguo na nusu toni zinazoidai kwaya sikio lililokomaa, pamoja na sentensi ndefu zinazokula pumzi. Kwaya ya mwaka wa kwanza itaizamisha. Wimbo rahisi unaopepea una faida kuliko mkubwa unaokokotwa.

Kuhusu vyombo vya sauti: ngoma na kinanda vikizidi, vijana hupiga kelele ili wajisikie, na kelele za miezi sita huharibu koo la miaka 15. Kinanda kikae chini kiasi kwamba mwimbaji wa safu ya nyuma anaisikia sauti ya jirani yake. Maiki za kushikwa mkononi, moja kwa kila sauti, huvunja kwaya kuwa waimbaji wanne na wasindikizaji. Maiki mbili za kusimama mbele ya kwaya hufanya kazi bora zaidi; kanuni ya mafundi ni kwamba umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki hadi kwa waimbaji. Zikikaa mita 1 mbele ya safu ya kwanza, ziachane mita 3. Zikikaribiana zaidi, sauti hufika mara mbili kwa kupishana kidogo na hupoteza ubora wake. Kanisa lenye mwangwi mrefu halihitaji maiki. Linahitaji mwendo wa polepole kidogo na konsonanti kali.

Kilichobaki ni waongozaji. Kila kwaya ya vijana iwe na wawili au watatu wa miaka 16 na kuendelea wanaojifunza kuongoza. Waanze na wimbo mmoja kwa mwezi, ule unaojulikana na wote, wakiongoza zoezini kabla ya ibadani. Kitu cha kwanza wajifunze si kuchora mapigo hewani bali kuvuta pumzi pamoja na waimbaji kabla ya nota ya kwanza, kwa mwendo uleule wa wimbo. Mkono ukipiga bila pumzi, kwaya inaingia vipande vipande. Wafundishwe pia kutoa ufunguo: wapige d, wawape waimbaji m na s, wasubiri hadi kila sauti ivume nota yake. Mwalimu akae pembeni, asisahihishe mbele ya watu. Maelezo yatolewe baada ya zoezi, mambo mawili tu kwa siku.